Nani Alibaki na Chaki

Januari 1960 mwanasheria Mmarekani mweusi alitua Nairobi, sifa zake zikiwa zimemtangulia. Thurgood Marshall ndiye aliyesimama mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi yake na kushinda kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka. Hukumu yake ilitolewa tarehe 17 Mei 1954, na ilitamka kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Tom Mboya na wajumbe wenzake wa Kiafrika walimtaka awe mshauri wao katika mkutano wa Lancaster House, London, ambako mustakabali wa Kenya ulikuwa unajadiliwa. Marshall akawaandikia rasimu ya haki za raia. Kenya ilikuwa inaelekea kuongozwa na Waafrika walio wengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mjadala wa haki ilihusu ulinzi wa walio wachache, yaani walowezi wa Kizungu na Waasia, hasa juu ya mali na ardhi zao. Mtu huyo huyo, kwao, alikuwa akihangaika mahakamani ili watoto weusi wachache waingie katika shule za wazungu walio wengi.

Ulinganisho wangu unasimama juu ya tofauti hiyo. Weusi wa Marekani waligonga mlango wa shule bila kuwa na dola mikononi. Waafrika wa Mashariki walipata dola kwanza, shule zikafuata. Afrika Kusini ilifika mwisho, ikiwa na dola lakini baada ya makubaliano yaliyoacha mengi mahali pake. Ukuta wa utengano ulianguka kote, lakini kilichozikuta shule baada ya hapo hakikufanana. Mijadala mingi huhesabu wanafunzi: weusi wangapi, weupe wangapi, darasa gani limechanganyika. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni mwalimu: nani alibaki na chaki, nani aliketi katika ofisi ya mwalimu mkuu, nani aliamua watoto wasome nini.

Nianze na Farmville, mji mdogo wa Virginia, kwa sababu pale mambo yanaonekana kwa karibu. Shule ya sekondari ya weusi, Robert Russa Moton, ilijengwa 1939 kwa ajili ya wanafunzi 180. Kufikia 1951 ilikuwa na zaidi ya 450. Badala ya kujenga madarasa, halmashauri ya wazungu ilisimamisha mabanda ya mbao yaliyovikwa karatasi ya lami. Kila banda lilikuwa na jiko la kupashia joto. Aliyeketi karibu nalo alitokwa jasho, aliyeketi mbali alisoma na koti mwilini, na mvua ikinyesha paa lilivuja. Tarehe 23 Aprili 1951 msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwakusanya wenzake ukumbini, akawaomba walimu watoke, na shule nzima ikagoma.

Wanafunzi wale hawakuanza kwa kudai kuketi na wazungu. Walidai jengo. Mawakili wa NAACP (chama cha kutetea haki za weusi), Oliver Hill na Spottswood Robinson, ndio waliowaambia kwamba wangeipokea kesi hiyo ikiwa tu itadai kufutwa kwa utengano wenyewe. Familia zikakubali, na kesi yao ikawa miongoni mwa zile zilizounganishwa chini ya jina la Brown. Gharama yake ilikuwa nzito. Mwaka 1959 wilaya yao ya Prince Edward iliona heri kufunga shule zote za umma kuliko kuwachanganya watoto. Wazungu wakafunguliwa shule ya binafsi. Weusi wakakaa miaka mitano bila shule ya umma. Wengine walipelekwa kwa ndugu majimbo ya mbali, wengi wakabaki nyumbani. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 siku milango ilipofungwa alikuwa na miaka 12 Mahakama ya Juu ilipoamuru ifunguliwe, 1964. Mwaka mmoja kabla ya amri hiyo zilianzishwa shule za muda kwa michango, na humo walimu weusi na weupe walifundisha pamoja, ingawa karibu wanafunzi wote walikuwa weusi. Mwaka ule mmoja ni wa pekee katika kisa chote hiki: ofisi ya walimu ilichanganyika kabla ya darasa.

Kwingineko Kusini mwa Marekani hali haikuwa ya haraka zaidi. Mahakama ilikuwa imeacha utekelezaji mikononi mwa wale wale waliotenga. Huko Little Rock, Arkansas, Septemba 1957, gavana Orval Faubus aliweka askari mlangoni kuwazuia wanafunzi tisa, mpaka Rais Eisenhower akatuma kikosi cha 101 cha jeshi la nchi kuwasindikiza. Ruby Bridges, mtoto wa miaka 6, aliingia shule ya William Frantz mjini New Orleans tarehe 14 Novemba 1960 akiwa katikati ya maafisa wa serikali kuu. Wazazi wa kizungu wakawaondoa watoto wao, na mwaka mzima alisoma peke yake na mwalimu mmoja, Barbara Henry, mama aliyetoka Boston. Miaka kumi baada ya hukumu, katika majimbo 11 yaliyowahi kujitenga kutetea utumwa, hata watoto weusi watatu kati ya mia walikuwa hawajaketi darasa moja na wazungu. Kilichovunja ukaidi ni fedha. Sheria ya Haki za Raia ya 1964 iliruhusu serikali kuu kukata ruzuku kwa shule zinazobagua, na mwaka uliofuata sheria ya elimu ikaongeza ruzuku hiyo mara nyingi zaidi. Halmashauri zilizokuwa hazisikii jaji zikaanza kusikia mhasibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kusini ndiko shule zilikokuwa zimechanganyika kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi.

Na matunda yalionekana. Hili nalisema wazi kwa sababu siku hizi kuna sauti, hata miongoni mwa weusi wenyewe, zinazodai kwamba zoezi lote lilikuwa bure. Mchumi Rucker Johnson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alifuatilia maisha ya watoto waliozaliwa miaka hiyo hadi utu uzima. Weusi waliosoma katika shule zilizochanganywa walisoma miaka mingi zaidi, walipata mishahara mizuri zaidi, walikuwa na afya bora na walifungwa jela kwa nadra zaidi kuliko weusi ambao maeneo yao yalichelewa. Watoto wa kizungu hawakupoteza kitu. Sababu kubwa aliyoiona ni kwamba bajeti zilifuata watoto: matumizi kwa kila mwanafunzi mweusi yalipanda na msongamano darasani ukapungua. Mwenye mamlaka alikuwa hapeleki fedha mahali ambapo mwanawe hayupo.

Lakini matunda hayo yalilipiwa, na aliyelipa ni mwalimu mweusi.

Masika ya 1953, mwaka mmoja kabla ya hukumu, mkuu wa elimu wa mji wa Topeka alimwandikia barua mwalimu mmoja mweusi. Alimweleza kwamba mkataba wake huenda usiendelezwe kwa mwaka ujao. Kama mahakama ingefuta utengano, bodi ilichukulia kwamba wakazi wengi wa Topeka wasingetaka watoto wa kizungu wafundishwe na mtu mweusi. Kama utengano ungebaki, mkataba ungeweza kuzungumzwa tena. Yaani ajira ya mwalimu yule ilikuwa salama kwa sharti kwamba ndugu zake washindwe kesi.

Barua hiyo ilitabiri kilichofuata. Kati ya 1954 na 1965 walimu na viongozi wa shule weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 ya Kusini na mpakani mwake. Shule mbili zilipounganishwa, iliyofungwa kwa kawaida ilikuwa ya weusi, hata pale ambapo jengo lake lilikuwa jipya. Mwalimu mkuu wake alishushwa akawa msaidizi wa mzungu, au akapewa michezo kusimamia, au akaambiwa hakuna nafasi. Watu hawa hawakuwa vihiyo. Kwa kuwa milango ya taaluma nyingine ilikuwa imefungwa, ualimu ulivuta vichwa bora vya jamii nzima. Tena majimbo ya Kusini, ili yasiwapokee weusi katika vyuo vikuu vyao, yaliwalipia wakasome shahada za juu kaskazini. Wengi walitumia likizo zao za kiangazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ubaguzi wenyewe ulikuwa umewaelimisha kupita wazungu wengi waliochukua nafasi zao.

NAACP iliona hatari hii mapema. Mwaka 1955 idara yake ya sheria ilianzisha kitengo cha kuwatetea walimu, kikiongozwa na mwalimu mkongwe mweusi John W. Davis. Kitengo kilipigana kesi moja moja, lakini hakikuwa na hukumu kubwa ya kushikilia. Hukumu ya Brown ilimzungumzia mtoto. Juu ya mwalimu haikusema neno.

Kwa nini haikusema? Nadhani jibu limo katika ushahidi uliotumika. Wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, walikuwa wamewaonyesha watoto weusi wanasesere weupe na weusi, na wengi wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Mahakama ilitaja kazi ya Kenneth Clark kuonyesha kwamba utengano humwachia mtoto hisia za unyonge. Ni kweli, na ilisaidia kushinda. Lakini ushahidi ule ulifungua njia kwa msomaji mvivu kuhitimisha kwamba ugonjwa umo ndani ya shule ya weusi, na dawa imo ndani ya shule ya wazungu. Ukishaamini hivyo, kuifunga ya kwanza ni tiba, na walimu wake ni sehemu ya kinachotibiwa.

Mwanazuoni mweusi W.E.B. Du Bois alikuwa ameshaonya. Mwaka 1935, katika jarida la elimu ya weusi, alijiuliza kama Mmarekani mweusi anahitaji shule za peke yake. Akajibu kwamba hahitaji shule za kutengwa wala za kuchanganywa, anahitaji elimu. Kwake, shule iliyochanganyika yenye walimu wanaomdharau mtoto haikuwa bora kuliko ya kutengwa yenye walimu wanaomwamini. Mtafiti Vanessa Siddle Walker, aliyezaliwa katika jamii hiyo hiyo, baadaye aliandika kitabu kuhusu shule ya weusi ya Caswell, North Carolina, iliyofungwa 1969. Alikuta walimu waliotembelea kila nyumba, wazazi waliochangia basi na vifaa ambavyo halmashauri iliwanyima, na mwalimu mkuu aliyejua ukoo wa kila mwanafunzi. Siddle Walker haombi utengano urudi, wala mimi siombi. Anachosema ni kwamba walioingia shule mpya waliacha nyuma kitu ambacho hakuna amri ya jaji iliyokihamisha pamoja nao.

Katika vyuo kisa kina sura nyingine. George McLaurin alikuwa mhadhiri mwenye shahada ya uzamili, mtu mzima aliyekwisha kufundisha, alipoomba kusomea udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, 1948. Mahakama ililazimisha apokewe. Chuo kikampokea kwa kumketisha katika chumba cha pembeni, akisikiliza mhadhara kupitia uwazi wa mlango. Maktaba alipewa meza yake pekee ghorofani. Kantini akapewa meza yake na saa yake. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu anayezuiwa kujadiliana na wenzake hajapewa elimu ile ile. Hoja hiyo ilikuwa imara kuliko ya wanasesere, maana kasoro majaji waliiona katika chuo, hawakuitafuta ndani ya McLaurin.

Vyuo vya weusi kama Howard, Fisk na Morehouse havikufungwa kama shule zilivyofungwa. Vilipungukiwa. Vyuo vya wazungu vyenye mifuko minene vilianza kuchagua wanafunzi wao bora na wanamichezo wao bora. Bado hadi leo vyuo hivyo vinatoa sehemu kubwa ya walimu weusi wa Marekani, na hilo si la kubahatisha: ni mahali ambapo profesa mweusi hakuwahi kuwa mgeni. Baadhi ya wanafunzi wa Afrika Mashariki waliosafirishwa kwenda Marekani na mpango wa Mboya kuanzia 1959 walisoma humo, wengine wakatawanyika katika vyuo vya wazungu. Wangari Maathai alipelekwa 1960 kwa masista wa Atchison, jimboni Kansas, mwendo mfupi kutoka Topeka. Njiani, katika mgahawa mmoja wa Indiana, yeye na wenzake waliambiwa wakanywee soda zao nje.

Sasa tuvuke bahari. Tanganyika ya Waingereza ilikuwa na mifumo mitatu ya shule: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, kila mmoja na majengo na fungu lake la fedha. Walowezi walijengewa shule ya bweni ya kifahari ya St Michael's and St George's, Iringa. Watoto wengi wa Kiafrika waliobahatika kuingia shule waliishia darasa la nne. Sheria mpya ya elimu iliyofuta mifumo hiyo na kuweka mmoja ilianza kutumika Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Halikutumwa jeshi, hakuna gavana aliyesimama mlangoni, na hakuna wilaya iliyofunga shule zake miaka mitano.

Mtu anaweza kusema Watanganyika walikuwa wapole kuliko watu wa Arkansas. Sidhani. Wazungu walikuwa wachache mno, wengi walikuwa wanafungasha, na aliyetaka kuzuia hakuwa na polisi wala bunge. Oktoba 1961 Nyerere alikuwa ameshapambana bungeni na waliotaka uraia utolewe kwa rangi, akatishia serikali yake kujiuzulu. Baada ya hilo kupita, shule ilikuwa hatua inayofuata, tena nyepesi. Mamlaka yalibadilika juu, na darasa likabadilika chini yake.

Angalia majina. Shule ile ya walowezi Iringa leo ni Mkwawa. Nairobi, Prince of Wales ikawa Nairobi School, na Duke of York ikawa Lenana, jina la laiboni wa Wamasai. Katika miji mingi ya Kusini mwa Marekani mambo yalikwenda kinyume: shule zilizobeba majina ya Booker T. Washington au mshairi Paul Laurence Dunbar zilifungwa au kushushwa daraja, na vikombe vya michezo na picha za wahitimu vikatupwa. Mtoto wa Kiafrika aliingia shule ya mzungu na kukuta inageuzwa kuwa yake. Mtoto mweusi wa Alabama aliingia shule ya mzungu na kuikuta bado ya mzungu, bendera ya waliotetea utumwa ikipepea uwanja wa mpira.

Mwalimu Nyerere hakuridhika na kuchanganya. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 anataja kufutwa kwa ubaguzi wa rangi na wa dini kuwa badiliko la kwanza, kisha anataja upanuzi: wanafunzi wa shule za msingi walikuwa 490,000 mwaka 1961 na 825,000 mwaka 1967, wa sekondari walitoka 11,832 hadi 25,000. Halafu anasema hayo hayatoshi, kwa sababu shule iliyorithiwa ilitengenezwa kuwaandaa wachache kuitumikia dola ya kikoloni, na kumweka Mwafrika ndani yake bila kuibadilisha ni kumfundisha kuwadharau wazazi wake. Ukisoma hapo huku unamkumbuka Du Bois wa 1935, unaona watu wawili waliofika mahali pamoja kwa njia mbili. Du Bois hakuwa na serikali ya kulitekeleza wazo hilo. Nyerere alikuwa nayo.

Akalitekeleza kwa kuanza na chaki. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, jambo lililomfungulia mlango wa ualimu mtu ambaye Kiingereza chake kisingemfikisha popote. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto asome, makumi ya maelfu ya vijana walioishia darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakiwa kazini vijijini. Kizazi changu kinawajua kama walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote), na wengi wamewacheka. Ni kweli mafunzo yao yalikuwa mafupi, na ubora uliteseka, hilo halifichiki. Lakini mtu aliyeziona takwimu za Marekani hawezi kuwacheka kirahisi. Nchi tajiri kuliko zote, katika kuvunja ubaguzi, iliwafukuza walimu na viongozi wa shule wapatao 38,000, wengi wao wenye shahada. Nchi maskini ilikwenda kuwatafuta walimu shambani.

Tanzania nayo iliacha mianya. Shule ya Kimataifa ya Tanganyika ilianzishwa Dar es Salaam 1963 kwa watoto wa wageni, na ada yake peke yake ilikuwa lango. Watoto wa Kiasia walipoingia mfumo mmoja, familia nyingi ziliondoka nchini baada ya utaifishaji wa nyumba wa 1971, kwa hiyo mchanganyiko uliokusudiwa ulibaki mwembamba kuliko sheria ilivyosema.

Kenya ilikwenda njia ya karo, na kwa upande wake nitasema kwa ufupi kwa sababu mantiki yake ni rahisi. Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka shule ziunganishwe, na kisheria ziliunganishwa. Lakini zilizokuwa za Wazungu zilibaki na walimu wengi, mabwawa ya kuogelea na karo ya juu. Aliyeingia ni mtoto wa mwenye uwezo: waziri, mkurugenzi, wakili. Rangi ilitoka getini, mkoba ukaingia. Kwa miaka ya mwanzo walimu wa kigeni waliendelea kuzishikilia shule hizo, na mtoto wa mkubwa alijifunza humo kwamba Mwingereza ndiye kipimo.

Afrika Kusini iliiga Kenya bila kujua. Utawala wa makaburu, kwa sheria yake ya 1953 ya elimu ya Kibantu, ulikuwa umetenga hata maarifa yenyewe, na jaribio la kulazimisha Kiafrikana ndilo lililowatoa wanafunzi wa Soweto barabarani tarehe 16 Juni 1976. Wengi waliokimbia walifika kwetu. Mazimbu, Morogoro, juu ya ardhi iliyotolewa na Tanzania, chama cha ANC kilijenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa 1979. Wanafunzi waliosoma pale waliingia mfumo ambamo walimu, mtaala na shamba la shule vyote vilikuwa mikononi mwa harakati zao wenyewe. Chuo hicho kilifungwa 1992, na majengo yakarudi kwa Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Waliorudi nyumbani walikuta mpango mwingine kabisa. Shule nzuri za wazungu zilikuwa zimepewa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mamlaka ya kujiendesha na kutoza ada, na sheria ya shule ya 1996 ikaziachia bodi za wazazi nguvu kubwa juu ya ada na lugha. Wanafunzi weusi waliingia kwa wingi. Walimu, katika nyingi ya shule hizo, hawakubadilika kwa kasi hiyo.

Agosti 2016 wasichana wa Pretoria High School for Girls, shule ya serikali iliyokuwa ya wazungu, waliandamana uwanjani kwa ajili ya nywele zao. Kanuni za shule, walisema, ziliwataka wazifunge, wazinyooshe, wazifiche. Na walikaripiwa kwa kuzungumza lugha zao koridoni. Zulaikha Patel, binti wa miaka 13, alisimama mbele na nywele zake kama zilivyoota, ngumi zikiwa zimekunjwa juu. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu Mandela awe rais. Mtoto huyo hakuzuiwa kuingia getini. Aliingia, akakuta kanuni iliyoandikwa kabla yake kwa ajili ya mwili usio wake.

Marekani yenyewe haikubaki ilipofika. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken kuhusu mji wa Detroit, Mahakama ya Juu ilikataa kuviingiza vitongoji vya wazungu katika mpango wa kuwachanganya wanafunzi kwa mabasi. Marshall, wakati huo akiwa jaji wa mahakama hiyo hiyo, aliandika maoni ya kupinga kwa uchungu. Tangu hapo anayetaka kukwepa mchanganyiko huhama tu mtaa. Leo takriban walimu wanane kati ya kumi wa shule za umma za Marekani ni wazungu, na weusi hawafiki saba kati ya mia, wakati wanafunzi weusi ni karibu 15 kati ya mia. Watafiti waliofuatilia watoto wa Tennessee na North Carolina waliona kwamba mtoto mweusi aliyewahi kufundishwa na hata mwalimu mmoja mweusi katika madarasa ya chini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza sekondari na kuwa na nia ya chuo. Mwalimu mmoja, mwaka mmoja. Ndipo mtu anapozifikiria zile nafasi 38,000 tena.

Kwetu Tanzania mwalimu na mwanafunzi wana rangi moja, na ada za sekondari za serikali hadi kidato cha nne zilifutwa 2016. Lakini tangu miaka ya 1990 tumejenga upya shule mbili ndani ya nchi moja. Kuna inglishi midiamu yenye basi la njano linalopita mtaani alfajiri, na kuna Kayumba, ile ya serikali, ambako mwalimu anaita majina darasani mpaka sauti inakauka. Hakuna sheria inayomzuia mtoto yeyote. Kuna risiti ya ada tu. Anayetazama hali hii kwa kuhesabu nyuso za watoto hataona kosa lolote, kama vile aliyehesabu nyuso Nairobi ya 1970 asivyoliona. Amtazame mwalimu. Katika mitaa ya Dar es Salaam ninayoijua wapo walimu wa shule za serikali wanaojibana kila mwezi, wanakopa kwenye vikoba, ili mtoto wao avae sare ya shule ya kulipia. Hawana dharau, wanajua tu hali ya darasa wanaloliacha kila jioni. Wizara huchapisha kila mwaka idadi ya wanafunzi, madarasa, madawati na matundu ya vyoo. Ningependa iongeze safu moja katika jedwali hilo: katika kila shule ya serikali, walimu wangapi wamewaandikisha watoto wao pale wanapofundisha.